Sweta ya Pili

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, mwaka juzi, nilitoka kazini nikapitia stendi ya Bariadi kuchukua mzigo kutoka kwa mama. Ni kazi ya dakika tano tu. Unamtafuta kondakta wa basi la Maswa, unataja jina, anachomoa kiroba chako chini ya siti, unasema ahsante, unakwenda zako kupika. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka sita mfululizo, na sikuwahi kurudi na kitu kingine zaidi ya kiroba.

Jioni ile nilifuatwa.

Naitwa Winnie. Hilo ni jina la ofisini, pale masjala ninapopanga mafaili ya watu. Nyumbani kwetu Ipililo hawalijui. Kule mimi ni Doto, na penye Doto ujue kuna Kulwa aliyemtangulia kutoka tumboni. Kulwa wangu alitangulia na kuondoka. Alikufa kwa homa tukiwa na miaka tisa, mwezi huo huo wa saba, wakati upepo wa alfajiri unauma mpaka ng'ombe wanagoma kutoka zizini.

Kiroba kilikuwa kimeshonwa mdomo kwa katani, na kabla sijakifungua nilijua kilichomo, maana mama hakuwa na zawadi nyingine. Sweta. Mama yangu, Eufrasia, alifundishwa kufuma na sista mmoja wa kigangoni mwezi mmoja baada ya msiba, ili apate kitu cha kushika mikononi. Hakuacha tena. Sindano zake zilikuwa spoku mbili za baiskeli alizozisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Uzi ulikuwa wowote uliopatikana mnadani, na mnadani hupatikana zile rangi ambazo watu wengine wamezikataa. Mwaka ule ilikuwa rangi ya chungwa ya kuumiza macho, na mistari ya kijani mikononi. Shingo alizibana mno, ukivaa unaacha ngozi ya masikio.

Na huku ni Bariadi, ambako saa nne asubuhi hata shati linakushinda! Niliwahi kuvaa moja ofisini siku ya mvua. Danford wa uhasibu akasimama mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, akauliza masjala imeanza lini kufuga kondoo. Sikurudia. Ikifika sweta mpya nilikuwa naivaa dakika moja, napiga picha, naituma kijijini, navua.

Hiyo ni sweta yangu. Tatizo lilikuwa ile ya pili.

Kwetu mapacha hawapewi kimoja. Ukimletea Kulwa gauni, lete na la Doto, lile lile, siku ile ile, kwa mkono ule ule. Ukimruka mmoja, aliyerukwa atakuja kudai chake. Hata muwa tulikatiwa kwa kupimwa. Mama hakuona sababu ya kubadili utaratibu eti kwa kuwa mmoja amekufa. Kila mwaka alifuma mbili zilizofanana, na ya Kulwa ilikua pamoja na yangu. Nilipoota matiti, ya Kulwa iliongezwa kifua. Niliponenepa chuoni, Kulwa naye alinenepa.

Mama alikwenda misa, akaenda na kwa mganga mmoja Mwandoya, wala hakuona ugomvi kati ya hivyo viwili. Mganga ndiye aliyemwambia kwamba yule mtoto hajafika alikotakiwa kufika. Ameondoka na baridi, akasema, na mwenye baridi hutafuta joto la nusu yake. Basi nguo yake itundikwe nje, pale Doto anapolala, jua likizama. Asiitwe kwa jina. Wenyewe waingie ndani, wasichungulie. Asubuhi ikiwa haipo, kaichukua.

Ipililo mama aliitundika kwenye minyaa ya ua, na asubuhi haikuwepo. Kila mwaka. Siku hiyo mama alikuwa anaimba tangu jikoni mpaka shambani. Nikiwa kidato cha pili nilimkuta mchunga ng'ombe wa jirani malishoni, amevaa ile ya zambarau, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko. Sikumwambia mama. Ungemwambia wewe?

Nilipopata kazi mjini, sweta zikanifuata. Mwaka wa kwanza nilitii, nikaitundika kwenye kamba uani. Asubuhi Asumini, mama mwenye nyumba wangu, akanigongea akiwa ameikunja vizuri mkononi. "Umesahau nguo nje, mwanangu. Umande umeilowesha." Nikamwachia, akaifanya mto wa kiti chake. Ya mwaka wa pili nilimpa mama anayefagia ofisini. Ya mwaka wa tatu niliikata vipande nikadekia. Ndiyo, nilidekia, na ilidekia vizuri. Baada ya hapo nikampata Tajudin, muuza mitumba wa pale stendi, ambaye alikuwa anaitundika katikati ya nguo zake bila kuuliza maswali. Na kila mwaka mama alipopiga simu, nilikuwa na jibu lile lile.

"Imechukuliwa, mayu."

Nilijiambia kwamba si uongo. Si ilichukuliwa?

Mwaka ule mama alikuwa mgonjwa. Pasaka nilipokwenda, mjomba Mhoja, mdogo wake anayekaa naye boma moja, alinivuta nyuma ya ghala. Akanieleza kwamba daktari amesema moyo wa mama umechoka, hauna dawa ya kuurudisha. Nikamwambia basi tumzuie kufuma, apumzike. Mjomba akatikisa kichwa.

"Usithubutu, Doto. Mimi naishi naye, namwona. Mama yako anaishi kwa zile spoku. Siku akiziweka chini mwenyewe, tutamzika."

Nilimsikia vizuri sana. Naomba ulikumbuke hilo, maana mimi nililisahau kwa dakika moja tu, na dakika hiyo ndiyo ninayoisimulia.

Basi Ijumaa ile nikafungua kiroba pale pale kwa Tajudin, nikachukua ya kwangu, ya Kulwa nikamwachia. Akaitundika juu kabisa, ikawaka kwa jua la jioni. Nikanunua nyanya na dagaa, nikaelekea nyumbani, mtaa wa Malambo. Ulikuwa msimu wa pamba. Malori yalikuwa yamepita mchana kutwa kwenda kiwandani, na nyuzi nyeupe zilikuwa zimezagaa pembeni mwa barabara na kung'ang'ania kwenye miiba. Nilikuwa nimeshafika getini simu ikaita.

Alikuwa mama.

"Mwadila, Doto."

"Mwadila, mayu. Mzigo nimeupata. Nzuri sana, mayu, rangi imenipendeza."

Nilisikia kifua chake kikikoroma.

"Ya Kulwa umetundika?"

"Bado. Jua halijazama."

"Leo usiingie ndani. Kaa umwangalie."

"Mayu, mganga si alikataza..."

"Mganga ameshakufa." Alisema polepole, kila neno na pumzi yake. "Macho yangu yameisha, ng'wana wane. Hii nimefuma kwa vidole. Miaka ishirini na mitano nampimia kwa mwili wako, na sijui hata siku moja kama zinamtosha. Mwangalie, uniambie. Nikijua imemtosha nitapumzika. Ikiwa haimtoshi nitafumua, nianze nyingine."

"Nitakupigia, mayu."

"Nangoja."

Kumdanganya pale pale lilikuwa jambo rahisi. Nilikuwa nimezoea. Lakini ile sauti yake ya kukatika ilinishika mahali, nikaona haya. Nikajisemea walau mwaka huu niitundike kweli, nikae nje robo saa kama alivyoomba, ndipo nimpigie. Nikaacha mboga getini, nikarudi stendi mbiombio.

Jua lilikuwa limeshagusa mabati ya kiwanda cha pamba. Tajudin alikuwa anafunika meza yake kwa turubai, kofia kichwani, tayari kwa sala ya magharibi. Nilitazama juu pale alipokuwa ameitundika. Palikuwa na henga tupu.

"Tajudin, ile sweta. Naihitaji."

Akacheka. "Dada Winnie, si umeshamtuma binti yako?"

"Binti gani?"

"Huyo wako. Wa miaka minane, tisa hivi. Umekata kona tu, naye huyu hapa. Wallahi mmefanana, hadi huo mwanya wa meno. Kasema, 'Naomba sweta yangu.' Nikamshushia."

Tajudin akaendelea kufunga turubai, ila mikono yake ilianza kwenda polepole.

"Halafu kaulizia zile zingine. Ya bluu ya mwaka jana... ile yenye maua... Nikamwambia zote zilishaondoka. Akalia, dada. Hakutoa sauti. Machozi tu."

"Tajudin, mimi sina mtoto."

Alinitazama. Adhana ikaanza msikitini, na bado alikuwa ananitazama.

"Alikuwa peku," alinong'ona. "Nimejiuliza, vumbi lote hili, mbona miguu yake ni misafi..."

Akaondoka kwenda kuswali, meza ameiacha nusu wazi.

Nilirudi nyumbani kwa njia ile ile kwa sababu hakuna nyingine. Watu walikuwapo. Bodaboda walikuwapo, mama mmoja alikuwa anachoma mahindi, redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari dukani. Nasema hivyo ili usidhani nilikuwa porini. Nilipopinda kuingia Malambo, watu wakapungua, kisha wakaisha, na hapo ndipo niliposikia.

Swaa... swaa... swaa...

Kitu kinaburuzwa chini. Kitu laini.

Nikasimama. Kikasimama.

Nikatembea.

Swaa... swaa...

Halafu ikaja harufu. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Ndiyo tuliyofukiziwa mimi na Kulwa tukiwa na homa, sufuria katikati, vichwa vyetu viwili vimegusana chini ya blanketi, tukikohoa na kucheka. Miaka ishirini na mitano sikuwa nimeweza kupita chini ya mwarobaini bila kuziba pua. Na pale barabarani hapakuwa na mti wala moto.

Nikageuka.

Hakuna mtu.

Kwenye vumbi kulikuwa na mistari miwili, sambamba, myembamba, inatoka stendi na kunipita pale niliposimama. Kati ya mistari hiyo hapakuwa na alama ya mguu. Ilikuwa imenitangulia, imeingia getini kwetu.

Ningeweza kukimbilia kwa Asumini. Dirisha lake lilikuwa na taa, niliona kivuli chake kikiinuka na kuinama katika sala. Sijui kwa nini sikwenda. Nadhani ni kwa sababu hofu yangu ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, na hicho kingine kilikuwa hamu. Nilimkumbuka, basi. Nilikuwa nimemkumbuka miaka yote ile niliyokuwa nawacheka mama na spoku zake. Nikafuata ile mistari hadi nyuma, kwenye kibaraza cha chumba changu.

Alikuwa amekaa mlangoni, amejikunyata.

"Doto," alinong'ona. "Fungua. Nasikia baridi."

Ilikuwa sauti yangu ya zamani, kabla haijawa nzito.

Shingo ile iliyobana masikio yangu ilikuwa imemteremka mpaka begani, mfupa wa bega unaonekana. Upindo ulimfunika miguu yote. Mikono ya sweta ilikuwa imelala sakafuni, huku na huku, mirefu, mitupu, na ncha zake zimejaa vumbi na nyuzi za pamba. Ndani ya sweta ya mwanamke wa miaka thelathini na minne alikuwamo mtoto wa miaka tisa. Hakuongezeka hata kidole. Mama alikuwa akiongeza vitanzi mwaka hadi mwaka, na mtoto aliyekuwa anafumiwa hakuwa anakua.

"Kubwa," alisema. "Upepo unaingia."

Nikakaa chini pale pale uani. Nilitaka kumwomba msamaha kwa zile sita, na zaidi kwa ile niliyodekia. Yeye akawahi kunyoosha mkono mmoja mbele, ile sehemu tupu ya sweta ikaning'inia, akanionyesha, kama mtoto anavyomwonyesha mtu mzima kitu kilichoharibika ili akitengeneze.

Simu ikatetemeka mkononi.

Mama hakuweza kungoja.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mayu."

Pumzi yake ilikwenda mbali ikarudi. "Yuko peku?"

"Yuko peku."

"Amekasirika?"

"Hapana, mayu."

"Imemtosha?"

Kulwa alikuwa ananitazama. Alisikia swali. Akatikisa kichwa, polepole, kushoto na kulia, macho hayakubanduka usoni kwangu. Alikuwa ananiomba niseme. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa tayari kumfumia nyingine, na mtu huyo alikuwa kwenye simu, anangoja jibu langu.

Nimejiuliza mara nyingi niliwaza nini. Natamani niseme nilimhurumia mama, kipofu, na kifua kile, aanze tena vitanzi vya kwanza. Nilimhurumia, ni kweli. Lakini nilikuwa pia nimechoka. Nilitaka ziishe, zile sweta na viroba na kudanganya kila mwezi wa saba. Ukiniuliza lipi lilikuwa kubwa, sijui, na hilo ndilo linaloniamsha.

"Imemtosha, mayu," nilisema. "Utadhani ulimpima."

Kulwa akazamisha uso ndani ya shingo ya sweta.

Upande wa pili mama alianza kulia, kilio kidogo cha mtu aliyetua mzigo. Akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Blanketi lilikuwa moja, Doto. Usiku ule mlitetemeka wote wawili, na moja halikuwatosha. Nilimvua yeye nikakufunika wewe. Wewe ulikuwa unanitazama. Yeye alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala... Alisema mara moja tu, 'Mayu, nasikia baridi.' Nikamwambia vumilia."

Mimi katika usiku ule nakumbuka joto tu. Sikuwahi kujiuliza lilitoka wapi.

"Mwambie aje," mama alisema. "Kitandani kuna nafasi. Safari hii namfunika yeye."

Simu ikakatika. Nilipoinua macho kibaraza kilikuwa kitupu, na mistari miwili ilikuwa inaelekea getini.

Asubuhi mjomba Mhoja alipiga kabla jua halijatoka, na sikuhitaji kumsikiliza mpaka mwisho. Mama alikuwa amefariki usiku. Nilipofika Ipililo akanipeleka chumbani kabla akina mama hawajamwogesha, kwa sababu kuna kitu alitaka nikione. Spoku mbili zilikuwa juu ya kigoda, zimelazwa pamoja, hazina uzi. Mama alikuwa amelala ukingoni kabisa mwa kitanda na gauni lake jepesi, mikono imekauka kwa baridi. Blanketi lilikuwa upande wa pili wa kitanda. Lilikuwa limetandazwa na kuchomekwa pembeni kwa uangalifu, kichwani mpaka miguuni, namna mtu anavyomfunika mtoto. Chini yake godoro lilikuwa limebonyea.

"Alimpisha nani?" mjomba aliuliza.

Sikumwambia. Akina mama wa jumuiya walisema ni kuchanganyikiwa kwa mgonjwa, wakalikunja blanketi. Mimi peke yangu nilijua. Nilijua kwamba neno langu moja ndilo lililomfanya aziweke spoku chini. Lakini nilijua pia kwamba alikufa amemfunika mwanaye, na kwamba Kulwa alifika, akapata joto lake. Nililishika hilo tangu kaburini mpaka siku ya kuanua matanga. Nilimlilia mama vizuri kwa sababu ya hilo. Sijui ningesimama vipi bila hilo.

Nilirudi Bariadi baada ya siku tisa. Nilifika jioni, nikafagia chumba, nikaweka maji jikoni. Jua likawa linazama.

Swaa...

Nikaweka sufuria chini.

Swaa... swaa...

Mwarobaini.

Alikuwa mlangoni, na sweta ile ile ya chungwa, mikono yake imechakaa kwa kuburuzwa. Midomo ilikuwa imepauka. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu ndani ya chumba, kila pembe, kama kuna mtu aliyejificha.

"Doto," alinong'ona. "Mayu hajaja."

Nikapiga hatua moja kumwelekea.

"Ulikwenda kwake... alikufunika..."

Akatikisa kichwa, polepole, vile vile.

"Nilimngoja njiani. Nilisikia akiniita kwenye simu yako, nikaenda kumpokea. Hakupita."

Sasa mama alimfunika nani?

Sijapata jibu la swali hilo. Sijamuuliza mtu, na usiku sipendi kuliwaza. Kuna kitu kilisikia mwaliko wa mama yangu, kikaenda kulala pale kwenye nafasi ya mtoto, kikachomekewa blanketi na mikono iliyofuma miaka ishirini na mitano. Na ni mimi niliyempeleka mama kwake, kwa neno langu.

Nimejaribu. Nimemnunulia Kulwa sweta ndogo dukani, ya kumtosha kabisa. Asubuhi nikaikuta mlangoni imekunjwa, imelowa umande. Nimemwekea blanketi jipya, akanirudishia. Nimemvulia la kwangu nililojifunika, likiwa bado na joto langu. Hataki. Anaishukuru mikono yangu kwa adabu, ananirudishia, anakaa na ile sweta kubwa inayoingiza upepo, kwa sababu ndiyo aliyofuma mayu. Siku hizi najua mtu anavyojisikia zawadi yake ikikunjwa na kurudishwa.

Asumini aliniuliza juzi naongea na nani mlangoni kila magharibi. Nikamwambia naongea na simu.

Anakuja, anakaa, haombi tena kuingia ndani. Anauliza kitu kimoja tu. Nami namjibu, kila jioni, na kila jioni ananiamini.

"Yuko njiani, Kulwa. Vumilia."